Siku Tatu za Kuhesabu Wavukaji

Katika utoto wangu wote sikuwahi kumsikia mtu wa nyumbani kwetu akitaja idadi ya kuku wetu, wala ya mbuzi, wala ya watoto. Jioni Bibi, mama yake baba, alisimama mlangoni mwa banda akiwaita kuku kwa sura zao: yule wa shingo nyeupe, yule anayechechemea, yule mwizi wa mahindi, mpaka aridhike kwamba wameingia. Sisi wajukuu alituita kwa majina, kwa utaratibu uleule. Mgeni akimuuliza ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wachache tu, ndio hao Mungu alionipa." Tulikuwa wengi. Lakini sidhani kama alijiona anadanganya. Kwetu, chenye uhai hakihesabiwi, kwa sababu ukikihesabu umekitangaza, na ukikitangaza kuna wanaosikia na kuja kuchukua sehemu yao.

Kijiji chetu kiko upande wa Butiama, kando ya Mto Mara. Daraja la barabara kuu iendayo Musoma liko mbali, kule mto unakoelekea ziwani. Ukitaka kulifikia kwa miguu, utaondoka alfajiri na kufika jua likiwa utosini. Kwa hiyo watu wetu walivuka kwa mtumbwi. Mvushaji wetu aliitwa Mzee Masatu, na yeye pia hakuhesabu abiria. Alipakia huku akiangalia maji yamepanda kiasi gani ubavuni mwa mtumbwi, na yakifika kwenye fundo fulani la ubao alisema, "Basi, wengine subirini." Hata leo sijui mtumbwi ule ulikuwa unabeba watu wangapi. Nadhani na yeye hakujua.

Mama alikuwa mchuuzi wa dagaa. Alinunua mwaloni Musoma, wavuvi wanaposhushia samaki, na kila Jumanne na Ijumaa alivuka na gunia lake kwenda mnada wa ng'ambo. Hakujua kuogelea. Alikaa katikati ya mtumbwi, gunia kati ya magoti, mikono yote miwili imeshika kingo. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha pamba Bunda, na tulimwona mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo mimi, mtoto wa kwanza, ndiye niliyemsindikiza Mama mpaka kando ya maji asubuhi na ndiye niliyemsubiri alasiri. Siku hizo tumbo liliniuma kuanzia saa nane mchana mpaka nimwone. Chuo kikuu nilikuja kuambiwa kwamba maumivu ya namna hiyo yana jina la kitabibu. Wakati ule niliyaita tumbo la mnada.

Nilipokuwa darasa la tano, likizo ya Juni, lilikuja gari jeupe na wapimaji. Walichimbia bikoni, vinguzo vya zege vya kupimia, kando ya mto, wakafunga vitambaa vyekundu kwenye miti. Kwenye mkutano wa kijiji walieleza kwamba daraja la barabara kuu limezeeka, na siku likifungwa mji wa Musoma utatengwa na upande wote wa kaskazini. Linatakiwa daraja la pili, juu zaidi, kule mto unakotokea. Sehemu zinazofikiriwa ni mbili: kwetu, na nyingine ambayo sikuwahi kuiona. Kijana mmoja wao, Kaka Deo, alituambia jambo ambalo hata mtoto angelielewa. "Panapovuka watu wengi, ndipo litakapojengwa."

Mama alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kwa madaha. "Siku moja," alituambia akisonga ugali, "nitaenda mnada nimevaa viatu, na nitarudi navyo havijalowa."

Kaka Deo alihitaji mtu wa kuhesabu wavukaji upande wetu wanapoondoka, yeye akiwahesabu ng'ambo wanaporudi. Kazi ilikuwa ya siku tatu, kuanzia Jumatatu. Mwalimu wa hesabu alinitaja mimi. Nilipewa ubao wa kuandikia wenye kibanio, karatasi na kalamu ya bluu. "Kila kichwa mstari mmoja," Kaka Deo alinielekeza. "Akifika wa tano, mlaze juu ya wenzake wanne. Umeelewa, mdogo wangu?"

Nilielewa mno. Jumatatu ile nilikaa juu ya jiwe tangu asubuhi na sikutoka hata kwenda haja. Abiria walinitania.

"We Nyangeta, unatuandika tupelekwe jela?"

"Mimi nipigie miwili," alisema Mama Wegesa, muuza sabuni, mwanamke mnene kuliko wote pale kijijini. "Ukinipigia mmoja utakuwa umeidanganya serikali."

"Mpigie mitatu," Mzee Masatu alisema akisukuma mtumbwi. "Wa tatu ni wa mgongo wangu."

Mistari yangu ilikuwa imenyooka. Mama hakuvuka Jumatatu, haikuwa siku yake. Jioni nilimwonyesha Bibi karatasi, nikidhani atanisifu.

Hakujua kusoma, lakini vijiti alivitambua. "Hivi ni nini?"

"Ni watu, Bibi. Waliovuka leo."

Aliweka chini ungo wa mtama. "Umewahesabu watu kwenye mto? Unauhesabia mto watu?"

"Ni kwa ajili ya daraja."

"Daraja likitaka kuja lije. Halina haja ya kuletewa watu wangu kwenye karatasi." Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema mbele yangu. Zamani, baba yangu akiwa bado ananyonya, alikuja karani wa kuandika watu. Bibi aliona haya kumnyima mgeni jibu, akamtajia watoto wake wote, na yule karani akaandika jumla chini ya mstari. "Masika hayohayo nilizika wawili," alisema. "Hata kanisani tumesomewa habari za mfalme aliyehesabu watu wake, tauni ikaingia. Unadhani wanatusomeaga kwa kujifurahisha?"



"Mama yako anavuka kesho," Bibi alimalizia. "Ukimweka kwenye hiyo karatasi, usije kunililia hapa."

Leo ninaweza kueleza vizuri kosa la hoja yake. Watoto wake wawili walikufa kwa surua, Baba aliniambia baadaye, na surua ile ilipita katika nyumba nyingi ambazo karani hakuzifikia. Lakini nilikuwa na miaka kumi na moja. Daraja lilikuwa neno la mkutanoni, na mto nilikuwa nauona kila siku. Usiku ule sikulala vizuri, nikipima hatari mbili: Mama avuke kwa mtumbwi miaka yote kwa sababu daraja halikuja, au mto umchukue kesho kwa sababu nimeupa habari zake.

Asubuhi Mama alishuka na gunia lake. Alikuwa ameshasikia kutoka kwa Bibi. "Mama mkwe anaogopaga kalamu kuliko nyoka," alininong'oneza, akicheka. Kisha, alipokwisha kukaa katikati ya mtumbwi na kushika kingo, aliniita kwa sauti ili wote wasikie. "Nyangeta! Na mimi niandike. Niandike vizuri, usinisahau. Hilo daraja mimi ndo nalitaka kuliko hawa wote."

Nilishusha kalamu mpaka karibu na karatasi, nikasogeza mkono juu, nikausogeza chini. Wino haukugusa.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika, Mama."

Halafu woga ukaendelea kufikiri peke yake, kama unavyofanya mpaka leo. Kama mto ungemtaka mmoja wa walioandikwa, na huyo amekaa na Mama, mtumbwi ungepinduka na wote. Kwa hiyo sikumwandika yeyote aliyekuwa kwenye mtumbwi wa Mama, hata Mama Wegesa aliyekuwa amejipa mistari miwili. Baadaye niliwaacha wanawake wenye watoto mgongoni. Baadaye tena wanafunzi wenzangu, kwa sababu niliwajua majina. Nilijiwekea kanuni na kuifuata kwa uaminifu mpaka Jumatano jioni, na karatasi ilipomalizika ilikuwa safi, imejaa wanaume nisiowajua.

Kaka Deo alivuka kuja kwetu Jumatano, akalinganisha karatasi yangu na yake. Yake ilikuwa na watu wengi zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa.

"Ulisinzia, mdogo wangu?"

"Sikusinzia."

"Basi hawa wengine walirudi huku bila kuwahi kwenda?" Alicheka, lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba pia na fomu zake, akiuliza wangapi wanavuka mto kwa wiki. "Kijiji hiki sijakielewa. Kila nyumba naambiwa 'wachache tu'. Wachache ndo wangapi? Hakuna anayesema!" Alikuna kichwa kwa kalamu. "Nitaandika cha kwako, hiki cha chini. Wakubwa wakiona hesabu mbili wanaamini ile ndogo."

Ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa nimesimama mbele yake, na yeye alikuwa mtu mpole, asingenipiga. Nilichokifikiria wakati ule ni kwamba Mama amevuka Jumanne na amerudi salama, kwa hiyo njia yangu ilikuwa imefanya kazi.

Kabla ya Krismasi mtendaji wa kijiji alitusomea majibu. Kwetu pameondolewa kwenye mpango kwa sababu wavukaji ni wachache. Ile sehemu nyingine itafikiriwa. Watu walinung'unika kidogo na kutawanyika, na sidhani kama kuna aliyejiuliza neno hilo limetoka wapi, ingawa karibu kila mmoja wao alikuwa amelitamka mwenyewe mlangoni kwake.

Mama ndiye aliyebaki amekaa. "Wachache?" alisema. "Sisi?" Kisha akanigeukia. "Lakini wewe uliniandika."

"Nilikuandika."

"Basi wamepoteza karatasi hao."

Tangu Juni ile nilikuwa nimepata ugonjwa mwingine. Nikiona watu wamekusanyika, macho yangu yaliwageuza kuwa mistari, minne na mmoja wa kulala, kabla sijajizuia. Kwa hiyo mtumbwi wa Mama ulipokuwa unavuka niligeuka. Niliangalia mlima, au miguu yangu, na nilisubiri mpaka nisikie ubao unagusa matope ndipo nigeuke tena. Nilifanya hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa, miezi yote hiyo, na kila mara alirudi.

Ilikuwa Ijumaa, masika yaliyofuata. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unashuka na majani na matawi. Mtumbwi ulitoka ng'ambo kama saa kumi alasiri. Niligeuka, nikaangalia mlima.

Nilisikia kishindo, kisha kelele. Shina la mti lililobebwa na maji liligonga ubavu wa mtumbwi karibu na katikati ya mto. Nilipotazama, mtumbwi ulikuwa umepinduka na vichwa vimetapakaa. Wengine waliung'ang'ania, ukawaleta upande wetu. Wengine walivutwa na wavuvi kuelekea ng'ambo. Ilikwisha haraka sana. Upande wetu Mzee Masatu alipanda ukingoni, akakohoa maji, akasimama na kupiga kelele juu ya mto.

"Mko wote huko?"

Jibu lilichelewa kidogo kwa sababu ya upana wa mto. "Tuko wote! Na ninyi?"

"Na sisi tuko wote!"

Watu wakaanza kumshukuru Mungu. Mama Wegesa alikaa chini matopeni na kulia. Nilimshika bega. "Mama yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo, mwanangu. Nimemwona anashikwa mkono anavutwa. Tulia."

Nilitazama ng'ambo. Kulikuwa na wanawake wamesimama, kanga zimewashika mwilini, wadogo kwa umbali. Mmoja wao angeweza kuwa yeye. Nilimchagua mmoja na kumtazama.

Hakuna aliyesema namba. Mzee Masatu hakuijua, abiria hawakuijua, na mimi, mtoto pekee pale ambaye macho yake yangeijua bila kutaka, nilikuwa nimeupa mto mgongo. Kama ningekuwa natazama, ningejua wameondoka wangapi, ningejumlisha wa huku na wa kule, na ningewaambia mmoja hayupo. Wavuvi walikuwa bado na mitumbwi yao majini.

Ulipita muda mrefu kabla ya mtumbwi mwingine mkubwa wa kutosha kuwavusha wale wa ng'ambo. Mwaka jana, bila kumweleza mtu kwa nini, nilipima muda wa safari ile kwa saa, kwenda na kurudi, nikaongeza muda wa kutafuta mtumbwi na kuukausha. Ni zaidi ya saa nzima. Mwanamke niliyekuwa namtazama aliposhuka alikuwa mtu mwingine. Alinisalimia.

Mama alipatikana Jumapili asubuhi, kwenye mafunjo, mbali kidogo chini ya pale. Wazee waliomleta walidhani sisikii. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba mikono yake ilikuwa imeyashika mafunjo, na walilazimika kuifungua.

Baba alifika kutoka Bunda siku hiyohiyo. Baada ya maziko, wageni wakiwa wamepungua, Bibi aliniita jikoni. Hakuwa mkali. Ningependa angekuwa mkali.

"Nyangeta, niambie ukweli. Siku zile za karatasi. Ulimhesabu mama yako?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa kwamba sikumhesabu, na kwamba kwa kumficha nilisaidia kuliondoa daraja, na kwa kuendelea kumficha niligeuza uso siku ambayo kumtazama kulihitajika. La uongo lilikuwa neno moja, na Bibi alikuwa akilisubiri.

"Ndiyo, Bibi," nilisema.

Alifunga macho, akatikisa kichwa polepole. Kisha akanipakulia uji. Hakulizungumza tena jambo lile mpaka alipofariki, miaka miwili iliyopita. Kati ya makosa mawili nilikiri lile ambalo sikulifanya, kwa sababu lilikuwa jepesi kubeba, na kwa sababu lilimwachia yeye dunia yake ikiwa nzima.

Nilisoma mipango ya barabara chuo kikuu. Watu wakiniuliza kwa nini, nasema nilipenda hesabu. Sasa nafanya kazi Musoma, na mpango wa daraja la pili umefufuliwa, sehemu zilezile mbili, kwa maana ile nyingine nayo haikujengwa. Mwezi uliopita niliwapeleka vijana wa kuhesabu kijijini kwetu. Safari hii utaratibu hauhesabu watu mtoni, ni fomu tu, na nilikaa nao siku zote tatu. Waliporudi na fomu za nyumba kwa nyumba nilizipitia moja moja. Wachache. Wachache tu. Hatuvuki sana. Wachache. Mtoto wa Mama Wegesa, ambaye mama yake aliokoka siku ile kwa kung'ang'ania mtumbwi, amejibu kwamba nyumbani kwao anavuka mtu mmoja, mara mojamoja. Nilimwona akivuka siku zote tatu, na watoto wake.

Niliandika aya kwenye ripoti nikieleza desturi hii, kwa ushahidi niliokuwa nao, na kupendekeza hesabu irekebishwe. Mkuu wangu ni mtu makini na mwenye haki. Aliikata. "Siwezi kupeleka juu maneno kwamba watu wapo ila wanajificha," alisema. "Watauliza umejuaje."

Ni swali la haki. Nimejua kwa sababu mimi ni mmoja wao, lakini fomu haina nafasi ya hilo. Nilirudi mezani na kuandika jumla kama ilivyo.

Nilikuwa nikidhani kwamba elimu ingenipa mahali pa kusimama, upande mmoja au mwingine: nimwone Bibi kuwa alikosea, au niuone mto kama yeye alivyouona. Ninachoona sasa ni watu wanaowapenda watu wao, nami nikiwemo, ambao kwa miaka yote hiyo wamewaficha vizuri kiasi kwamba siku ya kuwatafuta hakuna ajuaye nani amekosekana. Sijui namna ya kuwaambia. Nilijaribu na shangazi yangu, wiki iliyopita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama huko mjini ninakula vizuri.

Jana nilimaliza ripoti. Kabla ya kuituma nilifungua faili la zamani, ambalo tumelirithi pamoja na samani za ofisi, nikatafuta ukurasa wa Juni ile. Hesabu ya Jumanne ipo, upande wa kijiji, imechapwa vizuri, na pembeni mtu ameweka alama ya kuthibitisha kwamba ni sahihi.  Kisha nikaandika ya mwaka huu chini yake, kwa sababu ndivyo utaratibu unavyotaka, na ilikuwa ndogo kuliko ile.